Kusini Ipi? Wilaya Moja, Mikoa Miwili na Hesabu ya Watu

Swali la msomaji: *Maalim, assalamu alaykum. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, lakini baba yangu ni mtu wa Jambiani. Mwanangu kapewa kazi skuli aandike habari za wilaya anayotoka babu yake, idadi ya watu ikiwemo. Nimetafuta "Kusini Zanzibar" nikapata hesabu nne: 39,242, 63,156, 195,873 na 271,350. Ipi ya kweli? Pia nina fomu inataka Kata, Kijiji na Kitongoji. Jambiani ni kata au kijiji? Cheti cha zamani cha babu hakina hata moja katika hayo, kinamtaja mudir tu.*

Waalaykum salaam, mwanangu. Hesabu zote nne ni za kweli na hakuna aliyekudanganya. Kilichokuchanganya ni neno "Kusini", ambalo kwetu limepewa sehemu tatu, na mwaka, ambao wengi huuacha wanapokopi takwimu kutoka mahali kwenda pengine.

Ipo Wilaya ya Kusini, nao ndio upande wa baba yako: Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, Kizimkazi, Mtende, Muyuni, Kitogani na majirani zao. Upo Mkoa wa Kusini Unguja, wenye wilaya mbili ndani yake, hiyo ya Kusini na ya Kati. Halafu upo Mkoa wa Kusini Pemba, wenye wilaya za Chake Chake na Mkoani, ambao na Jambiani hawana linalowaunganisha zaidi ya serikali moja na bahari moja. Sasa zirudie hesabu zako. Katika sensa ya 2022 Wilaya ya Kusini ilikuwa na watu 63,156. Mkoa wa Kusini Unguja wote ulikuwa na 195,873. Mkoa wa Kusini Pemba ulikuwa na 271,350. Ile 39,242 ni Wilaya ya Kusini hiyo hiyo, ila ni ya sensa ya 2012. Kwa hiyo kijana wako aandike 63,156 na mwaka wake pembeni. Mwalimu akimuuliza mbona mwenzake wa darasani ameandika 195,873, amjibu kuwa yule kahesabu na watu wa Uzini, Chwaka na Unguja Ukuu, ambao ni Wilaya ya Kati.

Majina haya yamebuniwa na mtu wa ofisi mwenye ramani mezani. Mtu wa Jambiani ukimuuliza kwao wapi hakwambii "Kusini". Atakwambia Jambiani, na ukimchimba zaidi atakutajia mtaa wake. Wazee kule huliita makazi yao "mji", hata kama ni nyumba arubaini na msikiti, na mtu akishuka Forodhani au Darajani huwa amekwenda "mjini". Kwa mtu wa mjini, kwa upande wake, yote yaliyo nje ya mji ni "shamba". Hata serikali iliwahi kulitumia neno hilo: katika nyaraka za miaka ya mwanzo ya Muungano utakuta "Zanzibar Shambani" pale ambapo leo pangeandikwa jina la mkoa.

Sasa fomu yako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama.

Fomu hiyo imeandikwa na mtu wa bara kwa ngazi za bara: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji, au mtaa kama ni mjini. Zanzibar ngazi hizo hatunazo. Sisi tuna mkoa, wilaya na shehia, yaani eneo dogo lililo chini ya sheha, basi. Mikoa ni mitano, wilaya ni kumi na moja, na shehia ni mia tatu na kitu, wengi hutaja 388. Chini ya shehia kuna mitaa na viambo ambavyo watu wanavijua kwa majina, lakini havina ofisi. Kijiji kwa maana ya bara, chenye mwenyekiti aliyepigiwa kura na halmashauri yake ya kijiji, hakipo kwetu. Jambiani tunaiita kijiji kwa mazoea ya kuzungumza, lakini kwenye daftari la serikali Jambiani ni zaidi ya shehia moja: ipo Jambiani Kibigija na ipo Jambiani Kikadini.

Hapo tu mtu huanza kuchoka, na bado hatujafika Makunduchi. Makunduchi ni makao makuu ya wilaya, kila mtu anaijua kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya kuogesha mwaka ambapo watu wa upande mmoja na wa pili hutwangana kwa migomba mchana kweupe kisha wakala pamoja. Lakini ukiifungua orodha ya shehia kutafuta "Makunduchi" unaweza kudhani imesahauliwa. Utakayoyakuta ni Kajengwa, Nganani, Mzuri, Kiongoni, Tasani na Kijini. Hizo ndizo Makunduchi. Mara ya kwanza nilipopewa orodha hiyo nikiwa karani wa sensa nilimwendea msimamizi wangu kulalamika kwamba mji mzima umeachwa nje. Alicheka mpaka akavua miwani.

Kijini nayo ina mtego wake, maana ipo nyingine huko Matemwe, Wilaya ya Kaskazini A. Ukiandika "Kijini, Unguja" bila wilaya, barua yako inaweza kwenda ncha ya pili ya kisiwa. Muyuni imegawiwa kwa herufi, Muyuni A, B na C. Kizimkazi ni mbili, Dimbani na Mkunguni. Dimbani ndiko ulipo ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladia. Kijana akitaka kuipamba kazi yake aandike hilo, litampa maksi zaidi kuliko hesabu ya watu.

Basi kwenye sanduku la "Kata" uandike nini? Andika shehia. Nakwambia hivyo nikijua yupo atakayekukatalia na kukwambia kwamba kata kwetu ni wadi. Huyo naye ana hoja, kwa hiyo nikueleze tofauti ili usibabaike.

Bara, kata inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ni eneo la kumchagua diwani, na pia ni eneo la kuhesabia watu na kupanga huduma. Kwetu kazi hizo zimegawanywa. Diwani huchaguliwa na wadi, na wadi kwa kawaida huchukua shehia kadhaa. Ukitazama kwa jicho la siasa, kata ya bara inalingana na wadi yetu. Lakini barua ya utambulisho, uandikishaji wa waliozaliwa na waliokufa, kibali cha shughuli, na takwimu za sensa, zote zinapita kwenye shehia. Katika majedwali ya sensa ya taifa kata za bara na shehia za Zanzibar zinakaa katika safu moja. Kwa hiyo anayekuuliza kata kwa ajili ya kujua unapoishi au asili yako, anataka shehia hata kama mwenyewe hajui kuwa ndiyo anayoitaka. Wadi mwachie diwani na wapiga kura wake.

Jimbo ni mstari mwingine kabisa. Kila jimbo la kwetu hutoa Mwakilishi wa kwenda Baraza la Wawakilishi na Mbunge wa kwenda Dodoma. Wilaya ya Kusini leo ina majimbo mawili, Makunduchi na Paje. Zamani kulikuwa na jimbo likiitwa Muyuni, na ukikuta jina hilo katika matokeo ya uchaguzi wa miaka ya nyuma usidhani ni wilaya iliyofutwa. Mipaka ya majimbo hupitiwa upya na Tume ya Uchaguzi kila baada ya muda, na hupanuka na kupunguka bila wilaya kuguswa. Usichukue idadi ya wapiga kura wa jimbo ukaiweka mahali pa idadi ya watu wa wilaya. Nimeliona kosa hilo hata kwenye vitabu vya mezani kwa watu wakubwa.

Kwenye sanduku la "Kijiji" andika Jambiani. Kwenye "Kitongoji" andika mtaa, kama baba anaukumbuka. Kama haukumbuki, piga mstari.

Sheha naye umfahamu, kwa sababu ndiye mtu utakayemhitaji siku ukitaka kufuatilia kiwanja cha babu au karatasi zake. Si mwenyekiti wa kijiji. Hapigiwi kura. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa kushauriana na Mkuu wa Wilaya, na mambo hayo siku hizi yanaongozwa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 2014. Wapo wanaosema ni jicho la serikali mtaani, wapo wanaosema bila yeye huwezi hata kumzika mtu kwa utaratibu, na kila mmoja ana lake la kweli. Neno lenyewe ni la kale kuliko serikali zote tunazozikumbuka. Enzi za Mwinyi Mkuu, mtawala wa kale wa Unguja ambaye kasri yake ilikuwa Dunga, miji ya Wahadimu, wenyeji wa asili wa kusini na mashariki ya kisiwa, ilikuwa na masheha wake, na pembeni yao wazee waliojulikana kama watu wanne, waliosikilizwa katika ardhi, ndoa na mizimu. Serikali za baadaye zilipoukusanya utawala zililirudisha jina, ila kazi ikabadilika.

Mudir wa kwenye cheti cha babu yako yupo katikati ya hayo. Huyo alikuwa ofisa wa serikali ya Sultani chini ya Waingereza, akisimamia eneo lililoitwa mudiria, na masheha wakiwa chini yake. Mudiria si wilaya ya leo wala si shehia, na mipaka yake haikurithiwa kama ilivyokuwa. Cheti hicho kihifadhi, usijaribu kukitafsiri kwa majina ya sasa. Ukikiwasilisha mahali, kieleze kama kilivyo.

Tuzungumze watu sasa, maana mwalimu wa kijana aliuliza watu.

Kutoka 39,242 mwaka 2012 hadi 63,156 mwaka 2022 ni ongezeko la watu 23,914, karibu asilimia 61 kwa miaka kumi. Zanzibar nzima iliongezeka kwa asilimia 45, kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773, na hiyo yenyewe ni kasi kubwa. Majirani zao wa Wilaya ya Kati wamekwenda mbio zaidi, kutoka 76,346 hadi 132,717. Ukijumlisha wilaya hizo mbili, Mkoa wa Kusini Unguja umekua kwa karibu asilimia 70, na hakuna mkoa mwingine wa Zanzibar uliofikia hapo, hata Mjini Magharibi. Na bado ndio mkoa wenye watu wachache kuliko yote mitano. Kijana aliandike hilo kwa ukamilifu wake, kwa sababu wengi hushika nusu moja tu na kuitupa ya pili.

Uzazi peke yake hauwezi kuleta asilimia 61. Tazama Kaskazini Pemba, Micheweni na Wete, ambako nyumba zina watoto wengi: mkoa ule umetoka 211,732 kwenda 272,091, yaani asilimia 28 na nusu, na wapo wengi waliovuka bahari kwenda Unguja kutafuta kazi. Baadhi yao utawakuta Paje. Hiyo ndiyo siri ya Kusini. Ukanda wa Bwejuu, Paje na Jambiani umejaa hoteli, na hoteli huita fundi, mpishi, mlinzi, dereva, mwenye duka la vocha, na mama wa kuuza chapati kwa hao wote. Wanatoka Pemba, wanatoka mjini, wanatoka Tanga na Mwanza, na wachache wametoka Ulaya na hawakurudi. Kabla ya hapo pwani ile ilijulikana kwa dema, kamba za makumbi na mwani, ambao akina mama wa Paje na Jambiani walianza kuulima kwa ajili ya kuuza mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kule Kati sababu ni nyingine kidogo. Mji unamwagika. Viwanja vya mjini vimekwisha au vimekuwa ghali, watu wamejenga Jumbi, Bungi na Tunguu, na Tunguu yenyewe imepata vyuo vikuu na ofisi. Mtu anahesabiwa kuwa wa Wilaya ya Kati, ambayo kwa sifa yake ni shamba, lakini kila asubuhi yumo ndani ya daladala kuelekea mjini. Je, huyo ni mtu wa shamba? Mimi husema ni mtu wa mjini aliyepata kiwanja mbali.

Kuna jambo la namna ya kuhesabu ambalo lazima nikueleze, kwa sababu linamhusu baba yako moja kwa moja. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Haikuulizi kwenu wapi kwanza. Mwaka 2022 siku yenyewe ilikuwa Agosti 23. Baba yako, akiwa amelala kwake Dar es Salaam, alihesabiwa Dar es Salaam. Mzaliwa wa Jambiani anayeishi Ng'ambo, ile sehemu ya mji wa Zanzibar, alihesabiwa mjini. Na mgeni aliyelala hotelini Paje usiku ule alifuatwa huko huko akahesabiwa Kusini, na Agosti ndio msimu wa wageni. Kwa hiyo 63,156 si "wenyeji wa Kusini". Ni watu waliolala Kusini. Wenyeji kwa maana ya ukoo, wale wanaorudi kwa Idi, kwa arusi na kwa maziko, hawajawahi kuhesabiwa na mtu yeyote, na sijui ungewahesabu vipi.

Mwaka 2012 tulibeba madodoso ya karatasi kwenye mikoba, na mvua ikinyesha tulikimbilia barazani kwa watu. Mara hii vijana walikuwa na vishikwambi. Lakini kazi ngumu haikubadilika: kujua mpaka wa eneo lako unaishia kwenye mwembe upi. Kwenye ramani mstari umenyooka. Chini kuna nyumba mbili za ndugu, mmoja yumo shehia hii, mwenzake yumo ile, na wanakula sufuria moja.

Ukitaka kulinganisha miaka, linganisha eneo lenye mipaka ile ile. Wilaya ya Kusini inakuruhusu kufanya hivyo baina ya 2012 na 2022. Wilaya nyengine zitakutega. Mwaka 2012 kulikuwa na Wilaya moja ya Magharibi, yenye watu 370,645. Mwaka 2015 ikagawiwa kuwa Magharibi A na Magharibi B, na hapo ndipo wilaya zilipofika kumi na moja kutoka kumi. Mtu asiyejua hilo atachukua Magharibi B ya 2022, aiweke mbele ya Magharibi ya 2012, kisha aandike kwamba watu wamehama. Kwa shehia ni hatari zaidi, maana shehia hugawiwa mara nyingi na jina la zamani hubaki na kipande kimojawapo.

Kuhusu msongamano nitapita haraka. Mkoa wa Kusini Unguja una kilomita za mraba 854, zaidi ya theluthi moja ya eneo lote la Zanzibar, ambalo ni 2,460. Gawanya, utapata watu 229 kwa kilomita ya mraba, wakati Mjini Magharibi ni zaidi ya 3,880. Lakini wastani huo hauoni jiwe. Sehemu kubwa ya mkoa, hasa mashariki na kusini, ni uwanda, ardhi ya maweni ambayo jembe likishuka linalia. Humo mna vichaka, na ipo hifadhi ya Jozani ambako wakaazi wakuu ni kima punju. Watu wamejipanga ufukweni na pembeni mwa barabara. Ukitembea Jambiani usiku wa taa za hoteli hutaamini hiyo 229, na ukisimama katikati ya uwanda nyuma ya Muyuni pia hutaiamini.

Sasa lililobaki ni lako. Kabla hujaandika Jambiani Kibigija au Jambiani Kikadini kwenye ile fomu, usikisie kwa jina linalopendeza sikioni. Kama una shangazi au ami aliyebaki kule, mpigie, umuulize swali moja tu: alipofariki mtu wa mwisho katika nyumba ya babu, ilikwenda kuchukuliwa barua kwa sheha gani? Jina la shehia ya sheha huyo ndilo la kuandika. Na ukishalipata mwambie kijana aliongeze kwenye kazi yake, juu kabisa, kabla ya wilaya.